Jinsi ya kuchambua mvua na ukame wa Dodoma kwa Excel: mwongozo kamili wa hatua 8

Kila msimu ukiisha naletewa grafu. Nyingine ni za wanafunzi wanaomalizia tasnifu, nyingine za maafisa ugani wa kata, nyingine za watu wa miradi wanaotaka aya mbili za "mabadiliko ya tabianchi" kwenye andiko lao. Karibu zote zina kosa moja: mwaka unaanzia Januari na kuishia Desemba, mstari mwekundu umechorwa katikati, na chini yake imeandikwa kwamba mvua za Dodoma zinapungua. Nikiuliza zinapungua kwa kiasi gani, na kwa uhakika gani, kimya.

Mwongozo huu unaanzia kwenye data ghafi na kuishia kwenye sentensi unayoweza kuitetea. Kama ni mara yako ya kwanza, tenga siku mbili. Ya kwanza yote itaishia kwenye kusafisha data, usivunjike moyo.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye Excel ya 2019 au mpya zaidi. LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, inatosha pia. Matoleo ya zamani hayana fomula za MINIFS na MAXIFS tutakazozihitaji.
- Data ya CHIRPS ya mvua kwa siku. Ni makadirio ya setilaiti yaliyochanganywa na vipimo vya vituo vya ardhini, yanayotolewa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Yanaanzia 1981, na kila kijiraba kina upana wa takribani kilomita 5. Unaweza kuipakua ya nukta moja kupitia tovuti ya Climate Engine bila kuandika hata mstari mmoja wa programu.
- Data ya kituo, walau ya mwezi kwa mwezi, kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Huombwa kwa barua. Ulizia gharama mapema, na usisubiri wiki ya mwisho.
- Orodha ya misimu ya El Niño na La Niña, yaani vipindi ambapo maji ya Bahari ya Pasifiki ya tropiki yanapata joto (El Niño) au kupoa (La Niña) kuliko kawaida na kuyumbisha mvua.
- Daftari la karatasi. Kila unapofuta au kurekebisha namba, andika sababu. Miezi mitatu baadaye hutakumbuka.

## Hatua ya 1: Chagua nukta kabla ya kugusa data

"Dodoma" ni mkoa mpana. Nyanda za Kondoa na milima ya Mpwapwa hazipati mvua sawa na bonde la Bahi. Ukichukua wastani wa mkoa mzima, unafuta kile kile ulichokuja kukitafuta.

Chagua nukta tatu au nne zenye sababu: mjini karibu na uwanja wa ndege, ambako kuna kituo, kisha kijiji unachokifanyia kazi, kisha moja ya bondeni na moja ya mwinuko. Dodoma mjini ni takribani latitudo -6.17 na longitudo 35.75.

Tahadhari. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo inabeba alama ya kutoa. Ukiisahau, unapakua mvua za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukibadilishana namba mbili hizo nafasi, unaangukia baharini karibu na Tangier, Moroko. Nimeshayaona yote mawili kwenye kazi zilizokwisha kuchapwa na kuwekwa jalada.

Usichukue pia viraba kumi na viwili vilivyopakana vya Chamwino ukasema una ushahidi kumi na mbili. Majirani hao wananyeshewa na wingu moja.

## Hatua ya 2: Pakua, kisha kagua kama karani wa benki

Pakua kuanzia 1 Julai 1981 hadi 30 Juni 2024. Hiyo ni misimu 43 kamili. Karatasi ya kwanza ya Excel iite "Siku": kolamu A tarehe, kolamu B mvua kwa milimita, mstari wa kwanza vichwa.

Kagua mambo matatu.

Idadi ya siku: kipindi hicho kina siku 15,706, miaka mirefu ikiwemo. Ukipungukiwa hata na moja, tafuta iliko kabla ya kuendelea.

Alama za data iliyokosekana: -9999 ni ya kawaida sana. Ukiijumlisha kimakosa, msimu mzima unatoka hasi. Igeuze iwe seli tupu, kamwe usiweke sifuri. Sifuri inasema "mvua haikunyesha". Seli tupu inasema "hatujui". Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo roho ya kazi nzima.

Tarehe: Excel inaweza kusoma 03/04 kama 3 Aprili au kama 4 Machi, kulingana na ilivyopangwa. Tumia mtindo wa 1981-07-01.

Utajua umefanikiwa ukichukua wastani wa kila mwezi na kuona Juni hadi Septemba karibu sifuri, na Desemba na Januari zikiwa nene. Ukiona vilele viwili, kimoja Aprili na kingine Novemba, hapo si Dodoma. Umeshika data ya sehemu zenye vuli na masika.

## Hatua ya 3: Linganisha na kipimamvua

Setilaiti haioni mvua. Inaona joto la kilele cha wingu, na hesabu inakisia. Kwa hiyo ilinganishe na kituo.

Hapa wengi huchukua miezi yote, wanatumia CORREL (fomula ya Excel ya uwiano, ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu), wanapata 0.9 na kusherehekea. Namba hiyo ni ya bure. Miezi mitano ya kiangazi ina sifuri pande zote mbili, na hata mtoto angeotea. Linganisha Januari na Januari tu, Februari na Februari tu. Hapo ndipo utaona kama setilaiti inaujua msimu mbaya na mzuri. Kumbuka pia kwamba CHIRPS yenyewe imekula baadhi ya data za vituo, kwa hiyo si shahidi huru kabisa.

Na data ya ardhini nayo usiiamini kwa sababu tu imeandikwa kwa mkono. Niliwahi kupewa daftari la mvua la shule moja. Mwandiko safi, miaka sita, hakuna hata ukurasa uliochanika. Nilipozipanga siku, Jumamosi na Jumapili hazikuwa na mvua hata mara moja kwa miaka sita, na Jumatatu zilikuwa na mvua kubwa kupita siku zote. Aliyekuwa akisoma kipimamvua hakuja shuleni mwishoni mwa wiki, maji yakajikusanya, akayaandika yote Jumatatu saa 3 asubuhi. Kwa jumla ya mwezi daftari lile lilikuwa zuri kabisa, lakini kwa kuhesabu siku kavu halikufaa kitu.

Kama unaweza, nenda ukakione kipimamvua. Nimekuta kimoja chini ya mwarobaini. Mti ulikuwa mche kilipowekwa.

## Hatua ya 4: Panga kwa msimu, achana na kalenda

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, tukae nayo kidogo.

Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Kalenda inaukata msimu huo katikati, pale pale unapokuwa mnene. Chukua 1998. Januari hadi Aprili yake ni mkia wa El Niño kubwa ya 1997/98. Novemba na Desemba yake ni mwanzo wa msimu wa La Niña wa 1998/99. Ukijumlisha "mwaka 1998" unakoroga misimu miwili yenye tabia tofauti, kisha unatafuta ukame ndani ya uji huo. Hakuna mkulima wa Bahi aliyewahi kuvuna "mwaka 1998". Alivuna kifuku kimoja, akasubiri kingine.

Kwenye kolamu C ya "Siku" andika:

=IF(MONTH(A2)>=7,YEAR(A2),YEAR(A2)-1)

Fomula hii inaipa kila siku mwaka ambao msimu wake ulianza. Februari 1982 inasomeka 1981, na ndivyo inavyotakiwa.

Fungua karatasi ya pili, iite "Misimu". Kolamu A andika 1981 hadi 2023 (A2 hadi A44). Kolamu B:

=SUMIFS(Siku!B:B,Siku!C:C,A2)

Utajua umefanikiwa kama una namba 43, na wastani wa nukta ya mjini uko mahali fulani kati ya 500 na 700. Ukipata 300 au 1,100, rudi Hatua ya 1 ukaangalie nukta yako.

## Hatua ya 5: Pima ukame kwa SPI

Milimita 420 ni ukame? Inategemea ni wapi. Kwa hiyo tunatumia SPI (Standardized Precipitation Index), kipimo kilichopendekezwa na McKee na wenzake mwaka 1993, ambacho kinaulinganisha msimu na historia ya mahali pale pale. Sifuri ni msimu wa kati. Kuanzia -1 ni ukame wa wastani, kuanzia -1.5 ni mkali, kuanzia -2 ni wa kupindukia.

Njia rasmi hutumia mgawanyo wa gama. Kwa kuanzia, njia ya nafasi, yaani kuipanga misimu kuanzia mdogo hadi mkubwa, inatosha na haina kona za kukosea. Kolamu C ya "Misimu":

=NORM.S.INV((RANK.AVG(B2,B$2:B$44,1)-0.44)/(COUNT(B$2:B$44)+0.12))

Kagua: msimu wa 22 kwa udogo lazima upate 0 kamili, na mdogo kuliko yote karibu -2.23. Kama sivyo, kuna alama ya dola uliyoisahau.

Tahadhari kubwa. Kwa njia hii idadi ya misimu ya ukame imeshapangwa na hesabu yenyewe. Kama hakuna jumla zinazofanana, ukiwa na misimu 43 utapata 7 yenye -1 au chini: minne ya wastani, miwili mikali, mmoja wa kupindukia. Ungepata hivyo hivyo Bukoba, ambako mvua haikauki. Usiandike "utafiti umebaini misimu 7 ya ukame" kana kwamba umegundua kitu.

Ugunduzi uko kwenye *lini*. Ipake rangi misimu hiyo saba kwenye mstari wa miaka uangalie: imesambaa, au imerundikana? Iliwahi kufuatana miwili? Msimu mmoja mbaya ghala linaweza kuuhimili. Miwili mfululizo inauza ng'ombe.

## Hatua ya 6: Tafuta ukame uliojificha ndani ya jumla nzuri

Tuseme misimu miwili ina milimita 560 kila mmoja. Wa kwanza umenyesha kidogo kidogo kuanzia Desemba hadi Aprili. Wa pili umemwaga nusu yake ndani ya siku nane za Januari, kisha jua likawaka wiki tatu za Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. SPI ya msimu inasema ni mapacha. Muulize aliyelima.

Kwa maoni yangu hatua hii ina thamani kuliko zote kwa afisa ugani, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kwenye "Siku" ongeza kolamu tatu, ukianzia mstari wa 2:

Kolamu D, siku kavu mfululizo (siku yenye chini ya milimita 1 ni kavu). Kwenye D2 andika 1 kwa mkono, maana ni Julai. Kwenye D3:

=IF(B3<1,D2+1,0)

Kama kuna seli tupu, Excel itazihesabu kuwa kavu. Msimu wenye pengo utoe kwenye hatua hii.

Kolamu E, jumla ya siku tatu: =SUM(B2:B4)

Kolamu F, ukavu mrefu zaidi katika siku 30 zinazofuata: =MAX(D5:D34)

Mvua ya kupandia tunaifafanua hivi: kuanzia 1 Novemba, tarehe ya kwanza ambapo siku tatu zimekusanya angalau milimita 20 na hakuna ukavu wa siku 10 ndani ya mwezi unaofuata. Sharti la pili ndilo linalokamata mvua danganyifu, zile rasharasha nzito za Novemba zinazowaoteshea mbegu waliokwisha kuberega (kupanda bila kulima kwanza) kisha zinaondoka. Kwenye "Misimu", kolamu D:

=MINIFS(Siku!A:A,Siku!C:C,A2,Siku!A:A,">="&DATE(A2,11,1),Siku!E:E,">=20",Siku!F:F,"<10")-DATE(A2,11,1)

Jibu ni siku ngapi baada ya 1 Novemba mvua ilianza kweli. Lipange lisomeke kama namba, lisisomeke kama tarehe. Ukipata namba hasi kubwa ajabu, msimu huo haukuwa na siku iliyotimiza masharti. Iache seli hiyo tupu na uandike kwenye daftari, kwa sababu hiyo nayo ni habari.

Kolamu E, ukavu mrefu zaidi wa Januari na Februari:

=MAXIFS(Siku!D:D,Siku!C:C,A2,Siku!A:A,">="&DATE(A2+1,1,1),Siku!A:A,"<"&DATE(A2+1,3,1))

Tahadhari. CHIRPS hukokotoa kwanza jumla ya siku tano tano, ndipo huigawa kwa siku. Kwa hiyo siku moja moja si za kuaminiwa sana. Ukavu wa siku 14 uandike "takribani wiki mbili". Ukiwa na data ya kituo ya kila siku isiyo na ugonjwa wa Jumatatu, tumia hiyo.

Utajua umefanikiwa ukiwapelekea wazee wa kijiji misimu mitano mibaya zaidi ya kolamu E bila kuwaambia miaka, ukawauliza ni misimu ipi mahindi yaliungua, na majibu yakakaribiana. Yasipokaribiana usiwabishie. Anza kwa kukagua nukta yako.

## Hatua ya 7: Pima mwelekeo, usiuchore tu

Kitufe cha Excel cha kuchora mstari kitachora hata kwenye namba za bahati nasibu. Tena msimu mmoja wa gharika mwanzoni mwa orodha unaweza kuuinamisha mstari wote. Tumia jaribio la Mann-Kendall, ambalo linauliza jambo moja tu: kati ya kila jozi ya misimu, wa baadaye ni mkubwa au mdogo?

Kolamu F ya "Misimu", kuanzia F2 hadi F43 (mstari wa mwisho hauna wa kulinganishwa naye):

=SUMPRODUCT(SIGN(B3:B$44-B2))

Jumlisha kolamu nzima, upate S. Misimu 43 ina jozi 903, kwa hiyo S iko kati ya -903 na 903.

Sasa uamuzi. Gawanya: (S-1)/95.55 kama S ni chanya, (S+1)/95.55 kama ni hasi. Hiyo 95.55 ni kipeuo cha pili cha 43×42×91÷18 (91 ni 43×2+5). Jibu likivuka 1.96 upande wowote, una mwelekeo kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa maneno mengine, S lazima ifike 189 au -189. Ukipata -120, mstari wako mwekundu unashuka vizuri tu machoni, lakini hauna ushahidi wa kutosha.

Kiasi cha mabadiliko kitafute kwa mteremko wa Sen, yaani thamani ya katikati (median) ya miteremko ya jozi zote 903. Kwenye karatasi mpya weka miaka A3:A45 na milimita B3:B45, kisha rudia miaka C1:AS1 na milimita C2:AS2. Kwenye C3 andika fomula hii, uiburute hadi AS45:

=IF(C$1>$A3,(C$2-$B3)/(C$1-$A3),"")

Kisha =MEDIAN(C3:AS45). Jibu ni milimita kwa mwaka. Zidisha kwa 10 upate kwa muongo.

Rudia yote kwa kolamu ya mwanzo wa mvua na ya ukavu wa Januari na Februari. Siku zikifanana katika misimu mingi, gawio la 95.55 linakuwa kali kupita kiasi kidogo, na kwa kuanzia si dhambi. Kolamu ikiwa na seli tupu, ondoa misimu hiyo na ukokotoe upya, kwa idadi iliyobaki, mpaka ambao S lazima iufikie.

Mahali penye mvua inayoyumba kama hapa, kutopata mwelekeo kwenye jumla ni jambo la kawaida, na ni matokeo halali. Andika "hatukuona ushahidi wa kupungua". Usiandike "mvua haijabadilika", maana hilo hukulipima.

## Hatua ya 8: Kabla ya kuandika "mabadiliko ya tabianchi"

Pitia mambo mawili.

La kwanza ni El Niño. Kaskazini mwetu, El Niño huelekea kuleta mvua. Kusini, Zambia na Zimbabwe, huelekea kuleta ukame. Dodoma imekaa kwenye mpaka wa tabia hizo mbili. Msimu wa 2023/24 ulionyesha wazi: Tanzania kulikuwa na mafuriko wakati Zambia, Malawi na Zimbabwe zinatangaza janga la ukame. Ongeza kolamu ya "El Niño, La Niña, hakuna" uone kama misimu yako saba ya ukame inaegemea upande mmoja. Na usisahau Bahari ya Hindi: mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilitokana zaidi na joto la magharibi mwa bahari hiyo.

La pili ni joto. Dunia katika muongo wa 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto zaidi kwa takribani nyuzi 1.1 kuliko 1850 hadi 1900, na hewa hubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke kwa kila nyuzi moja. Hiyo ina maana ya dhoruba nzito zaidi, na jua linalokausha udongo haraka zaidi kati ya dhoruba. Ndiyo maana ukame unaweza kukaza huku jumla ya mvua ikibaki pale pale, na ndiyo sababu nilikulazimisha ufanye Hatua ya 6.

Na mvua nzito si hasara kwa kila mtu. Rekodi ya visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma, inaanzia 1955 na inaonyesha kwamba maji ya chini hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, wa 1997/98 ukiwa miongoni mwake. Misimu mingi ya kawaida haiongezi kitu. Kwa hiyo ukiandikia watu wa maji, wastani wa milimita hauwasaidii. Wapelekee misimu mitano mikubwa.

Aya ya matokeo iwe na vitu vitano: nukta, kipindi, kipimo, kiasi na uhakika. Kwa mfano, namba zikiwa za kubuni: "Kwa nukta ya Chamwino, misimu 1981/82 hadi 2023/24, jumla ya mvua haikuonyesha mwelekeo (S = -63), ila ukavu mrefu wa Januari na Februari umeongezeka kwa siku 1.2 kwa muongo (S = 207)." Sentensi moja, na kila neno lina namba nyuma yake.

Msimu mpya ukiisha, subiri data ya CHIRPS ya Juni, ambayo toleo lake la mwisho hutoka wiki ya tatu ya Julai. Iwe ya toleo lile lile ulilotumia tangu mwanzo. Ongeza mstari mmoja chini ya "Misimu", badilisha kila B$44 ndani ya fomula iwe B$45, na ubadilishe mpaka: kwa misimu 44 gawio ni 98.87, na S inatakiwa kufika 196.